Pikapu mpya bila pesa ya vidanje ni zawadi ya miezi michache

Kila mara pikapu mpya zinapofika Kisangani, picha huwa ni ileile. Magari yamepangwa mstari mbele ya ofisi, nailoni ya kiwanda bado iko kwenye viti, mkubwa aliyevaa suti anampa funguo mkubwa mwingine aliyevaa suti. Watu wanapiga makofi. Mpiga picha anaomba warudie kwa sababu jua lilikuwa nyuma yao. Jioni hiyo picha zimekwisha kuzunguka WhatsApp ya mji mzima. Sisi waandishi wa habari tunaziandika sherehe hizo, ni kazi yetu. Lakini katika zote nilizohudhuria, za serikali, za mashirika, za parokia na za wafanyabiashara, sijasikia hotuba hata moja iliyosema nani atalipa filtri ya mazutu gari likifika kilomita 5,000.

Nasema wazi ninachofikiri: pikapu nyingi za hapa kwetu haziuawi na barabara. Barabara inazimalizia tu. Zinauawa katika miezi yao ya kwanza, kwa kukosa vitu vya bei ndogo, na kwa sababu shofere hana ruhusa ya kumwambia mkubwa wake hapana. Na mengi tunayoyaita kasoro za kiwanda ni maagizo ambayo hakuna aliyeyasoma.

Wengine watasema kuna mambo makubwa zaidi ya kuandika kuliko mafuta ya injini. Tuangalie ramani. Tshopo ndilo jimbo kubwa kuliko yote nchini, karibu kilomita za mraba 200,000, lenye teritware saba: Bafwasende, Banalia, Basoko, Isangi, Opala, Ubundu na Yahuma. Ukiondoa mto na pikipiki, kinachobaki ni pikapu. Gari dogo halifiki, lori halipiti kila mahali. Chanjo, karatasi za mtihani wa taifa, pesa ya walimu, mbegu, mama aliyeshindwa kujifungua, vyote hupanda nyuma ya pikapu. Mwaka wa 2021 ugonjwa wa homa ya uti wa mgongo uliingia Banalia. Mlipuko ulitangazwa mwezi wa Septemba, na waliokufa walipita watu 100. Banalia iko kilomita 128 tu toka Kisangani, kwenye barabara ya Buta. Ugonjwa wa namna ile hauulizi kama gari la zoni ya afya liko garajini likingoja enjekta itoke Kinshasa.

Basi tuanze na siku za kwanza.

Ndani ya kila pikapu mpya kuna kitabu. Hapa Kisangani kitabu hicho kina bahati mbaya: ama kinabaki ndani ya nailoni yake, ama mkubwa anakipeleka nyumbani pamoja na ufunguo wa pili. Mara nyingine gari limepitia Dubai, na kitabu kimeandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza, wakati shofere wetu anasoma Kifaransa. Lakini maneno yake si mengi. Toyota, ambayo Hilux na Land Cruiser zake ndizo tunazoziona zaidi mjini, inaomba mambo rahisi: kilomita 300 za kwanza usikanyage breki kwa ghafla, kilomita 800 za kwanza usivute trela, kilomita 1,000 za kwanza usikimbize sana, usikanyage mafuta kwa ghafla, usiende muda mrefu kwa gia za chini, tena usiende kwa mwendo mmoja kwa muda mrefu. Vyuma vipya vinazoeana polepole, kama watu wawili waliooana juzi.

Sasa tazama gari letu linavyokuja. Kama halikupanda boti toka Kinshasa, limetoka mashariki kwa barabara: Beni, Mambasa, Nia-Nia, Bafwasende, mpaka hapa. Yaani kilomita zake 1,000 za kwanza ndizo hizo hizo za barabara ya taifa namba 4, kwa gia ya kwanza na ya pili, kwenye matope. Na kwa kuwa hakuna anayekubali gari lije tupu, nyuma kuna mizigo ya mtu, na juu ya mizigo kuna watu. Gari linaingia Kisangani likiwa na nailoni kwenye viti na uchovu kwenye injini. Siku inayofuata linaoshwa, linafungwa utepe, linakabidhiwa.

Baada ya safari kama hiyo kazi ya kwanza ni ya saa mbili tu na haihitaji kompyuta. Mtu analala chini ya gari na spana, anakaza bolti moja moja: za shafti inayopeleka nguvu nyuma, za lamu, za magurudumu. Kisha anatia grisi. Mafundi wa Mangobo wanaijua hadithi hii vizuri: gari la miezi mitatu linaletwa kwao likigonga ko-ko-ko chini ya miguu ya shofere, mwenyewe anasema ameuziwa gari bandia, na wao wanakaza bolti nne, mlio unaisha. Asiyepita kwao anaendelea na ko-ko-ko yake mpaka shafti ianguke barabarani.

Halafu kuna swali la vidanje, yaani kumwaga mafuta ya zamani ya injini na kutia mapya pamoja na filtri yake. Hapa ndipo tunapodanganyana zaidi. Kibandiko kinaandika kilomita 10,000, na wenye magari wanaishika namba hiyo kama amri ya Musa. Lakini kitabu hicho hicho kinasema kwamba gari linalofanya kazi kwenye vumbi, matope, mzigo mzito na mwendo mdogo linahesabiwa kivingine: kilomita 5,000. Ni wapi katika Tshopo utapata gari lisilo na vumbi, matope, mzigo mzito na mwendo mdogo?

Tena mimi naona hata hizo 5,000 zinadanganya. Kwenye lami ya Rwanda kilomita 128 ni saa mbili. Kwenye barabara ya Banalia wakati wa mvua zinaweza kuwa siku nzima, na injini inanguruma siku nzima. Namba ya kilomita inapanda kidogo, mafuta yanaungua sana. Ongeza zile saa ambazo gari limesimama na injini inawaka ili mkubwa apate hewa baridi ama simu zipate moto. Saa hizo hazionekani kwenye kilomita. Shofere mzee atakwambia anavuta kijiti cha mafuta, anapaka tone kwenye kidole, anasugua. Likiwa jeusi na jepesi kama maji ya ndizi, hangoji namba. Shofere huyo ana akili kuliko kibandiko.

Na tuzungumze kuhusu mazutu, kwani hapo ndipo pesa nyingi zinapopotelea.

Mazutu ya Kisangani hutufikia kwa njia mbili: kwa mto toka Kinshasa, kilomita 1,734 za maji, ama kwa lori toka upande wa mashariki. Njiani hupitia mapipa. Pipa lisilojaa, likipata joto mchana na baridi usiku, hutoa jasho ndani yake, na jasho hilo ni maji yanayoshuka chini. Mvua nayo inaingia kwenye vifuniko vibovu. Kisha kuna ndugu zetu tunaowaita Kadafi, wanaouza kwa bidoni kando ya barabara. Siwasemi vibaya, siku kituo kinapofungwa ndio wanaotuokoa. Lakini bidoni iliyobeba mafuta ya mawese juzi haiwezi kuwa safi leo kwa kusuuzwa mara moja.

Injini za zamani zilimeza hayo yote na kukohoa kidogo. Injini mpya ya mazutu inasukuma mafuta kwa nguvu ya karibu bar 2,000, kupitia vitundu vyembamba kama unywele. Maji kidogo, uchafu kidogo, enjekta inakufa, na enjekta si kitu cha kufinyanga kwa tupa. Ndiyo maana kiwanda kiliweka chini ya filtri ya mazutu sehemu ya kukusanya maji, na kwenye tablo ya mbele taa ndogo ya kuonya yakijaa.

Mwaka jana, nikirudi toka kazini kwenye barabara ya Buta, nilipata nafasi katika pikapu ya ofisi moja ambayo sitaitaja. Ilikuwa bado inanukia upya. Kilomita zake hazijafika 4,000. Kwenye tablo kulikuwa na kipande cha skochi nyeusi. Nilimuuliza shofere ni ya nini. Alicheka, akasema taa ile inamsumbua mkubwa, kila mara anauliza kama gari lina shida, kwa hiyo alimfunikia. Chini ya skochi ilikuwa taa ya filtri ya mazutu. Taa ile haikuomba fundi wa Kinshasa. Iliomba mtu ashuke, alegeze skrubu ya chini ya filtri, maji yatoke mpaka mazutu safi yaonekane, afunge, apampu kwa mkono, basi. Dakika kumi na kopo tupu. Wiki chache baadaye nilisikia gari lile limerudi mjini likivutwa na lori.

Simlaumu shofere peke yake. Alifundishwa kuendesha, hakuna aliyemfundisha gari lile.

Kwani pikapu mpya zina tabia zake, na asiyezijua anaziita ugonjwa. Ya kwanza, ikiwa tupu inarukaruka nyuma kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Shofere aliyezoea RAV4 ya mkubwa anaapa kwamba amortisa zimekufa, na mwenye gari anakimbilia kuongeza lamu nyuma, matokeo yake inaruka zaidi. Lamu zile zilitengenezwa kubeba karibu tani moja. Bila mzigo zinabaki ngumu. Mifuko miwili mitatu ya mchanga nyuma, na upepo wa mipira ukipimwa kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, inatosha kuituliza. Hiyo ni muhimu kuliko starehe: pikapu tupu inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na nyuma ikiwa nyepesi kwenye udongo mwekundu uliolowa, inageuka yenyewe na kutazama ilikotoka.

Ya pili inahusu 4x4. Kwenye matope unaifunga kabla ya kuzama, si baada. Lakini ukirudi kwenye lami ya Makiso lazima uifungue. Ikibaki imefungwa, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanalazimishwa kuzunguka sawasawa. Kwenye matope yanateleza na kupumua, kwenye lami hayana pa kupumulia. Usukani unakuwa mzito, gari linashtuka-shtuka kwenye kona, shofere anasema usukani umeharibika. Akiendelea hivyo wiki nzima, kweli kitu kitaharibika, lakini kitakuwa ndani ya gia, na bei yake ni nyingine kabisa.

Ya tatu nimeiona kwa macho yangu zaidi ya mara moja, na inachekesha mpaka siku mvua inaponyesha na wewe uko ndani. Gari limezama kidogo, shofere anakanyaga mafuta, na injini badala ya kunguruma inanyamaza. Anakanyaga zaidi, inanyamaza zaidi. Watu wanashuka, wanasukuma, wanatukana Wajapani. Gari ni zima. Lina mfumo wa kuzuia kuteleza: magurudumu yakizunguka bure, mfumo unakata nguvu ya injini ili kuokoa maisha ya mtu kwenye barabara ya lami. Kwenye matope ya PK 60 wokovu huo ni kifungo. Kuna kibonyezo cha kuuzima, kina picha ya gari linaloteleza. Na kwenye Hilux, ukiweka 4x4 ya nguvu, ile ya mwendo mdogo, mfumo unajizima wenyewe. Nimeona watu 8 wakiwa na matope mpaka magotini kwa sababu ya kibonyezo kimoja kilichokuwa mbele ya macho yao.

Turbo nayo ina desturi yake. Chini inachelewa, kisha inasukuma kwa ghafla. Mguu lazima ujifunze kungoja. Na baada ya kupanda mlima ama kukimbia, usizime injini papo hapo. Iache inguruma dakika moja ama mbili, mafuta yapoze turbo. Wakati wa kuteremsha abiria wa nyuma unatosha.

Kuhusu maji nitasema kidogo tu, ingawa sisi watu wa mto tungepaswa kuwa walimu wa wengine. Gari linafika kwenye kijito likiwa na moto chini, linaingia kwenye maji baridi kwa kishindo ili abiria washangilie. Chuma cha moto kikipoa ghafla kinavuta maji kupitia sehemu zake za kupumulia, na mafuta ya gia yanageuka rangi ya maziwa. Simama kwanza, lipoe. Na shafti ikilowa yote, grisi mpya itiwe siku hiyo hiyo, isingojwe vidanje.

Najua kuna wazee wa garaji ambao hapa wataniambia: wewe kijana unajisumbua, tatizo ni hizi gari za kompyuta, tuleteeni Land Cruiser ya zamani. Wana haki kwa sehemu. Ile pikapu ya silinda sita ya lita 4.2 bila turbo, inayoitwa 1HZ na mafundi wote toka Kisangani mpaka Uvira, inasamehe. Inakula mazutu mabaya, inatengenezwa chini ya mwembe kwa tupa na waya. Mimi mwenyewe, kama ningepewa kuchagua gari la kwenda Opala, ningechagua hiyo na nisione haya. Lakini hata mzee huyo ana sharti lake: ndani ana mkanda unaoongoza valvu, na mkanda ule una umri. Taa ya kukumbusha iko pale pale kwenye tablo. Ukikatika, uvumilivu wote wa 1HZ unaishia hapo. Na nimeona skochi nyeusi juu ya taa hiyo pia.

Kitu ambacho wazee wanakisema vizuri ni kuuliza, kabla ya kununua, gari lilitengenezwa kwa ajili ya nchi gani. Magari ya mazutu ya Ulaya yana chujio kwenye bomba la moshi linalokamata masizi na kuyachoma. Chujio hilo linataka mazutu yenye salfa kidogo sana. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo iliingia mwaka wa 2022, iliweka tangu Januari 2015 kiwango cha sehemu 50 za salfa katika milioni. Injini za kisasa za Ulaya zimezoea sehemu 10. Na kuna zile zinazodai maji maalumu yaitwayo AdBlue: yakiisha, ukizima gari halikubali kuwaka tena. Nani anauza AdBlue Yahuma? Anayeagiza gari la namna hiyo kwa sababu bei yake ilikuwa nzuri mtandaoni amenunua pambo la uwanja.

Hata walio na mazutu safi waliteseka. Australia, nchi ambayo Hilux ni kama pikipiki kwetu, wenye magari ya mazutu ya Toyota waliyonunua kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020 walilalamika kwamba chujio hilo halifanyi kazi yake: likipelekwa kwa kasi kwa muda mrefu linashindwa kuchoma masizi, moshi mweupe, taa za kuonya, mazutu mengi. Aprili 2022 mahakama ilikubali kwamba magari yalikuwa na kasoro, yalikuwa 264,170. Kesi ilifika mpaka mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo mwaka wa 2024, wakibishana juu ya thamani iliyopotea. Kwa hiyo simuombi mtu amwamini mtengenezaji kama malaika. Kasoro za kiwanda zipo. Lakini ukienda kumdai muuzaji, swali la kwanza ni moja: daftari la matengenezo liko wapi? Tarehe, kilomita, aina ya mafuta, sahihi ya fundi. Sisi tuna picha za makabidhiano, daftari hatuna. Garanti ya gari letu inakufa kimya kimya siku ya vidanje ya kwanza ambayo haikufanyika, na baadaye, kasoro ikiwa ya kweli, hatuna karatasi ya kuionyesha.

Sasa turudi kwa shofere, kwani yeye ndiye anayelaumiwa kila mara. Pikapu inabeba karibu tani moja. Weka watu 15 nyuma, kila mmoja kilo 65, tayari ni kilo 975, na bado hujaweka gunia moja la makaa, ndizi za mama mkwe wa mkurugenzi, wala bidoni za mawese. Shofere anajua. Anaona lamu zimelala. Lakini aliyeamuru watu wapande ni yule anayesaini mshahara wake. Siku gari likivunjika, ripoti itaandika uzembe wa shofere. Mimi ningetaka kuona ofisi moja tu katika mji huu, ya serikali ama ya shirika, inayoandika kwamba shofere ana haki ya kukataa kuondoka gari likiwa limezidi mzigo ama taa nyekundu ikiwa inawaka, na kwamba hatapoteza kazi kwa hilo. Sijaiona.

Na pesa? Tufanye hesabu ya darasa la sita. Pikapu inayotembea kilomita 2,000 kwa mwezi inafanya 24,000 kwa mwaka. Vidanje kila 5,000, ni mara tano. Injini ya Hilux ya mazutu inachukua lita 7 na nusu. Mara tano ni lita 37 na nusu. Ongeza filtri tano za mafuta, filtri mbili tatu za mazutu, filtri mbili za hewa ambazo katikati zinapigwa upepo kila wiki ya vumbi, na makopo ya grisi. Vitu vyote vya mwaka mzima vinaenea kwenye kona moja ya ofisi, chini ya meza. Anayeweza kununua pikapu mpya hawezi kuniambia kwamba alishindwa kununua kona hiyo siku ile ile, kwa hati ile ile ya ununuzi, viletwe kwa boti ile ile. Tena ni dawa dhidi ya filtri bandia, zile za sanduku zuri na karatasi mbovu ndani, ambazo ndizo unazozipata kwa haraka sokoni siku unapozihitaji kwa haraka.

Serikali inaijua kanuni hii, kwani iliiandika. Sheria ya Julai 2008 iliunda FONER, mfuko wa taifa wa kutengeneza barabara, kwa wazo kwamba kila anayetumia barabara alipe kidogo kwa ajili ya kuitunza, kwenye mafuta na kwenye vizuizi vya malipo. Katika miaka hiyo hiyo mradi wa Pro-Routes, kwa pesa za Benki ya Dunia na Uingereza, ulifungua tena barabara iliyokuwa imemezwa na msitu. Wasafiri wa wakati ule wanakumbuka. Wa leo wanajua imekuwaje. Ni hadithi ya pikapu, ila imeandikwa kwenye udongo: kufungua kulikuwa na sherehe, kutunza hakukuwa na mwenyewe.

Jamani, siombi sheria nyingine. Ninaomba kitu kidogo kuliko hicho. Chukua karatasi ya kibali cha safari ya kazi ya ofisi yoyote mjini hapa, ile inayogongwa muhuri kabla gari halijaondoka. Ina nafasi ya jina la mkubwa, ya mahali anapokwenda, ya siku atakazolala, ya pesa yake ya njiani, ya lita za mazutu. Haina nafasi ya kilomita zilizobaki kabla ya vidanje, wala ya sahihi ya shofere kwamba alimwaga maji ya filtri asubuhi hiyo. Mistari miwili. Sekreteri anaweza kuiongeza leo kabla ya saa sita, na pikapu ya kesho ya kwenda Bafwasende iondoke nayo.